Albert Schweitzer, daktari wa Lambaréné aliyehesabu dawa kabla ya wagonjwa

Mwanzoni mwa Februari 1939 mzee wa miaka 64, mwenye masharubu mazito, aliwasili katika bandari ya Bordeaux, Ufaransa, akitokea Gabon. Alikuwa amekusudia kukaa Ulaya kwa kitambo, apumzike na kuandika. Lakini habari alizozisikia safarini zilimwaminisha kwamba vita havikuwa mbali, na mapumziko yakaishia bandarini. Siku chache alizokaa alizitumia kununua na kuagiza dawa. Wiki mbili zilikuwa hazijatimia alipopanda tena meli, na mwanzoni mwa Machi alikuwa amekwisha kurejea hospitalini kwake Lambaréné. Miezi sita baadaye vita vilianza.

Mzee huyo ni Albert Schweitzer. Gabon, nchi ya misitu na mito iliyo kwenye pwani ya Atlantiki, pamoja na Burundi na Kongo katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati, haijapata kuwa na mgeni aliyeandikwa sana kuliko yeye. Wapo wanaomkumbuka kwa kinanda cha kanisani, wapo wanaomkumbuka kwa vitabu vya theolojia, na wengi wanaijua Tuzo yake ya Nobel ya Amani. Lakini upo mlango mmoja ambao waandishi wengi wameupita bila kuufungua, nao ni mlango wa bohari ya dawa. Kwa zaidi ya miaka 50 kazi yake ilisimama au kuyumba kwa kutegemea makadirio yaliyofanywa miezi mingi kabla, na mtu ambaye hakuweza kujua ni wagonjwa wangapi watakaotokea mtoni siku ya pili.

Masanduku 70

Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, jimbo la Alsace, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji, na mtoto alilelewa katika kijiji cha Günsbach kati ya kanisa na kinanda. Kabla ya kutimiza miaka 30 alikuwa mhadhiri wa theolojia huko Strasbourg na mpigaji kinanda aliyefahamika. Mwaka 1904 alisoma katika jarida la jumuiya ya wamisionari ya Paris kwamba kazi yao nchini Gabon ilikuwa na upungufu wa watu. Mwaka uliofuata, jamaa na marafiki wakimshangaa, akaanza kusomea udaktari.

Masomo na maandalizi vilichukua miaka minane. Mwaka 1912 alimwoa Helene Bresslau, aliyekuwa amejifunza uuguzi ili waende pamoja. Jumuiya ya Paris iliitilia shaka theolojia yake, ikamkubali kwa masharti kwamba atibu tu, asihubiri. Kwa hiyo fedha ya kuanzisha hospitali ilimbidi aitafute mwenyewe: akapiga kinanda katika matamasha, akabisha hodi kwa watu aliowafahamu, akaomba.

Ndipo ilipoanza kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Ilimpasa aorodheshe dawa, bendeji, vyombo vya upasuaji na vitu vya nyumbani kwa ajili ya mahali ambapo hajawahi kukanyaga na wagonjwa ambao hajawahi kuwaona. Februari 1913 masanduku 70 yalipigiliwa na kutangulizwa Bordeaux. Katika mizigo ya mkononi aliweka pia maki 2,000 za dhahabu badala ya noti, kwa kuwa aliona vita vya Ulaya vinaweza kutokea, na dhahabu haitapoteza thamani yake popote. Huenda hapo ndipo tabia yake inapoonekana wazi zaidi. Alikuwa mtu wa kufikiria mabaya mapema na kuyawekea akiba.

Waliondoka Bordeaux mwishoni mwa Machi, wakafika Lambaréné tarehe 16 Aprili 1913. Wiki tatu za bahari na mto. Ukiongeza muda wa barua kwenda Ulaya, muda wa muuzaji kufunga mzigo, na muda wa kungoja meli na kisha boti ya mto Ogooué, agizo la dawa lilikuwa jambo la miezi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, maji ya mto hupungua na michanga hujitokeza, na safari ya boti huwa ngumu zaidi.

Makadirio ya kwanza yaliharibika kabla masanduku hayajafika. Schweitzer alikuwa ameomba itangazwe kwamba kwa wiki tatu za mwanzo atapokea wagonjwa mahututi tu, ili apate nafasi ya kujipanga. Hakuna aliyesubiri. Watu walimiminika kwa mitumbwi toka siku ya kwanza, naye hakuwa na kitu isipokuwa dawa chache alizozibeba katika sanduku lake la safari. Shehena kubwa ilifika siku kumi hivi baadaye. Jengo la matibabu halikuwapo; akatibia nje ya nyumba, na mvua ilipomfukuza akahamia katika banda lililokuwa la kuku, akalipaka chokaa na kuweka rafu za dawa ukutani.

Katika miezi tisa ya kwanza alihudumia wagonjwa wanaokaribia 2,000. Waliugua malaria, malale, ukoma, kuhara damu, buba, upele, ngiri, na donda ndugu lililokula miguu ya watu hadi mfupa. Orodha aliyoiandika Strasbourg ilikuwa imekadiria mahitaji chini mno.

Kadi shingoni

Alilolifanya baada ya hapo linastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndilo lililomwezesha kuagiza kwa akili badala ya kubahatisha. Kila mgonjwa alipewa kadi ngumu ya duara iliyofungwa kwa kamba, yenye namba. Namba hiyo ilikuwa pia katika daftari, na ndani ya daftari liliandikwa jina la mgonjwa, ugonjwa wake na dawa alizopewa. Mgonjwa aliporudi, hata baada ya miezi mingi, ukurasa wake ulipatikana bila kupoteza muda. Wagonjwa wengi waliivaa kadi hiyo shingoni na kuitunza.

Faida ya daftari hilo haikuishia kwa mgonjwa mmoja. Mwaka ukiisha, kurasa zake huonyesha ni dawa gani iliyotumika na kwa kiasi gani. Hesabu yenyewe ni rahisi kuieleza. Mwagizaji anahitaji kujua mwezi mmoja hutumia kiasi gani, agizo huchukua miezi mingapi, na ni akiba gani ibaki rafuni endapo meli itachelewa. Tuchukue kituo kinachotumia chupa 10 kwa mwezi, na agizo lake huchukua miezi 4. Anayesubiri zibaki chupa 10 ndipo aandike barua amekwisha kuchelewa, na wagonjwa wake watakaa miezi 3 bila dawa. Watumishi wa bohari za dawa za serikali zetu hufanya hesabu hiyo hiyo leo kwa kompyuta, na bado pale ambapo daftari la matumizi halikujazwa vizuri, kompyuta hurudisha uongo uleule iliolishwa.

Lakini hesabu ya matumizi haikutosha. Wahenga wanasema akiba haiozi. Lambaréné ilikuwa ikioza. Unyevu wa msitu uliingia katika dawa za unga na vidonge vilivyofungwa kwa karatasi, vikaharibika kabla ya kutumika. Ilibidi kila kitu kikae ndani ya chupa yenye kizibo au kopo la bati. Na hapo ukazuka upungufu ambao hakuna aliyeutabiri: chupa. Wagonjwa waliondoka na dawa, chupa hazikurudi, na katika msitu ule chupa tupu ilikuwa mali. Schweitzer akawaandikia marafiki zake Ulaya wasitupe chupa, vizibo wala vikopo vya vidonge, wamtumie. Inaweza kuonekana ni jambo dogo, lakini daktari mwenye kwinini ya kutosha asiye na cha kumfungia mgonjwa wa safari ya siku tatu kwa mtumbwi hana tofauti kubwa na asiye na kwinini.

Hakuwa peke yake katika bohari hiyo, ingawa picha nyingi humwonyesha hivyo. Joseph Azoawani, Mgaboni aliyewahi kuwa mpishi, alikuwa mkalimani na msaidizi wake wa kwanza. Viungo vya mwili wa binadamu alivitaja kwa majina ya jikoni, hata mgonjwa mwenye maumivu ya mguu akaelezwa kwa daktari kuwa anaumwa paja la kondoo. Azoawani hakujua kusoma, lakini alikariri umbo la maandishi ya kila lebo, akawa anachukua dawa rafuni bila kukosea. Helene naye alisimamia vyombo vya upasuaji na dawa ya usingizi. Bila watu hao wawili, daftari lisingefaa kitu.

Vita vya kwanza vilipozuka Agosti 1914, Schweitzer na mkewe, wakiwa raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa, waliwekwa chini ya ulinzi nyumbani mwao na kukatazwa kutibu. Baada ya miezi michache katazo lililegezwa, lakini fedha kutoka Ulaya ilikuwa imekauka na bei za bidhaa zikapanda. Aliendelea kwa kukopa. Septemba 1917 walisafirishwa hadi Ufaransa kama wafungwa, hospitali ikafungwa, na deni likabaki. Alilipa deni hilo kuanzia mwaka 1920, alipoalikwa Sweden kutoa mihadhara na kupiga kinanda. Afya ya Helene ilikuwa imedhoofika, na binti yao Rhena, aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa bado mdogo.

Mchele ndani ya orodha ya dawa

Schweitzer alirudi Lambaréné Aprili 1924 bila mkewe. Msitu ulikuwa umeimeza hospitali. Paa za majani zilikuwa zimeoza. Akaanza upya, safari hii akisaidiwa na madaktari na wauguzi waliomfuata kutoka Ulaya, pamoja na boti ya injini aliyozawadiwa na marafiki wa Sweden.

Mwaka uliofuata ulimfundisha somo ambalo halikuwa katika kitabu chochote cha famasia. Bei ya magogo ya okoumé ilikuwa nzuri, na wanaume wengi wa bonde la Ogooué walikuwa wameacha mashamba wakaingia kambi za kukata miti. Migomba na mihogo haikupandwa ya kutosha. Njaa ikaingia. Wakati huohuo kuhara damu kukasambaa hospitalini, na kwa kuwa hapakuwa na vyumba vya kuwatenga wagonjwa, aliyekuja kwa kidonda aliweza kuondoka na ugonjwa wa tumbo, au asiondoke kabisa. Wagonjwa wa kutoka mbali walipaswa kulishwa, maana jamaa zao hawakuwa na chakula. Mchele ulioletwa kwa meli ukawa sawa na dawa, na Schweitzer akalazimika kuutafuta, kuuhifadhi na kuugawa kwa kipimo.

Magonjwa ya mlipuko yana tabia ya kudhihaki madaftari. Matumizi ya mwaka jana hayasemi lolote kuhusu mwezi ambao wagonjwa wataongezeka mara kadhaa. Ukoma ni kinyume chake. Wagonjwa wake hujulikana kwa majina, hukaa miaka, na dozi zao huhesabika hadi ya mwisho. Kati ya magonjwa hayo mawili ndipo mpangaji wa dawa huishi, na Schweitzer alichagua kutosubiri mlipuko mwingine. Aliamua kuihamisha hospitali nzima hadi Adolinanongo, kilometa tatu hivi juu ya mto, mahali penye nafasi ya kuwatenga wagonjwa na ardhi ya kulima. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi daktari huyo alikuwa zaidi msimamizi wa kufyeka msitu kuliko mganga. Wagonjwa walihamishwa Januari 1927. Kuzunguka majengo yakaota mashamba, mishelisheli, michikichi na migomba, ili njaa ijayo ikute kitu ardhini.

Ndiyo maana uamuzi wake wa Februari 1939 pale Bordeaux haukuwa wa ghafla kama unavyoonekana. Mtu huyo alikuwa amekwisha kukatiwa njia na vita mara moja, na mara nyingine akakutwa na njaa bila ghala. Alijua gharama ya kila kosa kwa majina ya watu.

Hata hivyo akiba haikumwondolea uchungu. Vita vilipoanza Septemba 1939, hatua ya kwanza ilikuwa kupunguza wagonjwa. Wale ambao upasuaji wao ungeweza kungoja walirudishwa makwao, wengine wakiwa wamesafiri siku nyingi kumfikia. Dawa ya usingizi, nyuzi za kushonea na bendeji viliwekwa kwa ajili ya wale ambao wangekufa bila kupasuliwa. Uamuzi wa aina hiyo ndio ulio mgumu zaidi katika kazi yote ya kupanga dawa, kwa kuwa anayerudishwa humwona daktari akiwa na dawa rafuni na kuambiwa haimhusu. Schweitzer aliubeba uamuzi huo kwa huzuni, na ni vigumu kuona alikuwa na njia gani nyingine.

Oktoba na Novemba 1940 vita vilifika mlangoni pake. Majeshi ya Ufaransa Huru na yale ya serikali ya Vichy yalipigania Lambaréné, na pande zote mbili zikaagiza ndege zao zisiishambulie hospitali. Mabati yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya ujenzi yaliegeshwa kwenye kuta kuzuia risasi zilizopotea njia. Helene, baada ya safari ndefu, alimfikia mumewe mwaka 1941. Akiba ya 1939 ilikuwa ikipungua rafu kwa rafu hadi 1942, wakati shehena ya dawa na vifaa kutoka kwa wafadhili wa Marekani ilipowasili. Pengo kati ya ile akiba na shehena hii lilikuwa jembamba, lakini hospitali haikufungwa kama ilivyofungwa mwaka 1917.

Funguo za bohari

Baada ya vita zilikuja dawa za salfoni za kutibu ukoma, zilizochukua nafasi ya mafuta ya chaulmoogra ambayo matibabu yake yalikuwa marefu na ya kuchosha. Wagonjwa wa ukoma wakaongezeka, kwa kuwa habari ya tiba ya kweli husafiri kuliko tangazo lolote. Schweitzer alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, fedha yake aliielekeza katika kujenga kijiji cha wagonjwa hao karibu na hospitali, chenye nyumba za kudumu badala ya vibanda vya majani.

Wasifu huu haungekuwa wa haki bila kusema upande wa pili. Schweitzer aliwapenda wagonjwa wake, lakini aliwatazama Waafrika kama kaka mkubwa anavyowatazama wadogo zake, na mtazamo huo haukubadilika sana hata Gabon ilipopata uhuru mwaka 1960. Wageni wa miaka ya mwisho walilalamika juu ya usafi na juu ya hospitali kukataa mambo ya kisasa. Lililo zito zaidi ni kwamba katika nusu karne, Wagaboni wachache mno walifunzwa kushika nafasi za madaktari na wasimamizi. Mtu aliyeona vita kabla havijaja, akahesabu chupa na vizibo, hakukadiria hitaji la watu wa nchi ile kuishika hospitali yenyewe. Funguo za bohari zilikaa mikononi mwa Wazungu, na orodha za dawa ziliandikwa kwenda Ulaya.

Helene alifariki mwaka 1957, na majivu yake yakazikwa Lambaréné. Schweitzer alimfuata tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na miaka 90, akazikwa kando yake chini ya msalaba alioutengeneza kwa mikono yake. Hospitali inaendelea kupokea wagonjwa. Mwaka 1981 ilianzishwa hapo maabara ya utafiti, ambayo sasa ni Kituo cha Utafiti wa Kitabibu cha Lambaréné, na watafiti wake, Wagaboni wakiwamo, wameshiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya watoto. Barabara kutoka Libreville inafika mjini. Mto Ogooué bado hupungua maji kila kiangazi, lakini mizigo ya dawa haiungoji tena.